Kujaza Boksi Si Dawa

Kila msimu wa futiboli ya vyuo vya Marekani swali ni lilelile, na huulizwa kwa sauti ya mtu ambaye jibu analo tayari: “Kocha, kama wapinzani wanakimbia na mpira namna ile, kwa nini walinzi wasijazane mbele tu?” Huulizwa na wanafunzi waliofika Ohio juzi. Huulizwa na watu waliokaa Texas miaka ishirini, kofia ya timu kichwani. Safari hii nalijibu kwa maandishi, nisije nikalijibu tena kwa mdomo.

Sitaanza kueleza maana ya yadi 10 na majaribio manne, hayo mnayajua. Mfumo tunaouzungumzia, wa kutanua uwanja, nao mmeuona: wapokeaji wametawanywa hadi karibu na mistari ya pembeni, kwotabeki amesimama nyuma kidogo akipokea mpira wa kurushiwa, mkimbiaji yupo ubavuni pake, na katikati wamebaki wazuiaji watano. Mpira ukiondoka, kwotabeki anaweza kumkabidhi mkimbiaji au akauficha na kukimbia mwenyewe. Ni kwa sababu ya hilo la pili ushauri wa “jazaneni mbele” haufai kitu.

Tuhesabu. Wapokeaji wako wanne, wawili kila upande. Wanahitaji walinzi wanne, hakuna ubishi. Ukiwaacha mabeki wawili wa mwisho nyuma, boksi, yaani lile eneo la katikati linalotazamana na wazuiaji, linabaki na watu watano. Wazuiaji nao ni watano, lakini hawahitaji kuwagusa wote watano wako. Mmoja wanamwacha kwa makusudi, kwotabeki amtazame na kuamua kufuatana na anachofanya. Kwa hiyo wazuiaji watano wanagawana walinzi wanne, na tayari umezidiwa.

Haya, mshushe beki mmoja wa mwisho. Boksi lina sita: watano wanazuiwa, wa sita anasomwa na kwotabeki. Mmekuwa sare, na sare katika mchezo huu ni faida ya mwenye mpira. Washushe wote wawili. Boksi lina saba, na hatimaye umempata mlinzi mmoja aliye huru. Mmoja tu! Gharama yake ni kwamba nyuma ya mstari huo hakuna binadamu hadi kwenye nguzo za goli. Wanne wa pembeni wanamfuata kila mtu wake, na mlinzi anayemkimbiza mpokeaji huupa mpira mgongo. Mkimbiaji akipenya pale katikati, watu watatu au wanne wenu watajua kwamba kuna mtu amepita baada ya kusikia uwanja umelipuka.

Je, mlinzi wa nane mbele? Nne na saba ni kumi na moja. Wa nane hayupo. Ukimtaka itabidi umtoe kwa mpokeaji, na kwotabeki wa miaka kumi na tisa ataliona hilo kabla mpira haujaondoka. Atarusha pasi fupi ya pembeni kwa yule aliyeachwa peke yake, naye atatembea yadi 10 bila kuguswa.

Uwanja wa vyuo unazidisha tatizo. Alama zinazoonyesha mahali pa kuanzishia mpira zimeachana futi 40, mita 12 na kidogo. Kwa wachezaji wa kulipwa wa NFL hazifiki mita 6. Mpira ukianzia kwenye alama ya kushoto, upande mmoja unabaki na mita 18 na mwingine mita 30. Weka wapokeaji watatu kwenye zile mita 30, kisha uniambie huyo mlinzi wako wa ziada aliyejibana katikati atafikaje huko.

Hapo mtu huniambia, “Basi wavamie. Watume watu kwa kasi wamwangushe kabla hajaamua.” Ndugu yangu, wazuiaji wa mfumo huu wengi hawazuii mtu, wanazuia eneo. Anayekuja mbio kuelekea ndani hawamsimamishi. Wanamsukuma aendelee hukohuko anakokwenda, na mkimbiaji anakata nyuma yake. Kuvamia kunalipa kama umebahatisha pengo lenyewe. Ukikosea, umemtoa mlinzi wako mchezoni kwa miguu yake mwenyewe.

Yule mlinzi asiyezuiwa ndiye kiini cha mambo yote haya. Ni mlinzi wa ukingo, aliye mwisho wa mstari wa mbele. Akimkimbilia mkimbiaji, kwotabeki anaubakiza mpira na kupita palipoachwa wazi. Akimngoja kwotabeki, mkimbiaji anapewa mpira na kupita ndani. Mshika mawili moja humponyoka, na mfumo wote umejengwa ili mtu huyu ashike mawili. Rich Rodriguez, aliyekuwa kocha wa Glenville State, chuo kidogo cha West Virginia, mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliligundua jambo hili mazoezini pale kwotabeki wake alipovuruga makabidhiano ya mpira, akaona mlinzi wa ukingo amemfuata mkimbiaji, akakimbilia kule alikotoka mlinzi huyo. Kufikia Novemba 2000, Northwestern walikuwa wakiitumia mbinu hiyo kuwafunga Michigan 54–51, mkimbiaji wao Damien Anderson akipata yadi 268. Michigan hawakukosa watu wenye nguvu. Walikuwa na watu wenye nguvu waliokuwa wakilazimishwa kukosea.

Kisha ikaja kimbia-au-pasi, na hapo kujaza boksi kukawa zawadi kwa mpinzani. Siku hizi kwotabeki hamsomi tena mlinzi wa ukingo peke yake. Anamsoma lainibeki, yule anayesimama nyuma ya mstari wa mbele, au hata beki wa mwisho anayeshuka. Akishuka, pasi inapita mahali alipotoka. Asiposhuka, mpira unakimbizwa. Sheria za vyuo zinawaruhusu wazuiaji kusogea hadi yadi 3 mbele kabla pasi haijarushwa, ilhali NFL wanaruhusu yadi 1 tu. Kwa hiyo lainibeki wa chuo anaona wazuiaji wanamjia kama watu wanaofungua njia ya kukimbia, anaingia, na mpira unapita juu ya bega lake. Kila anayeongezwa mbele ni mtu mwingine wa kusomwa.

Anayetaka ushahidi autazame usiku wa Novemba 17, 2012, jijini Eugene. Oregon hawakuwa wamefungwa msimu ule na walikuwa na wastani wa zaidi ya pointi 50 kwa mechi. Kwotabeki wao Marcus Mariota aliwatoka Stanford, akakimbia yadi 77. Mbele yake alikuwapo mwenzake De'Anthony Thomas, ambaye kazi yake ilikuwa moja tu: kumzuia beki wa mwisho Devon Carrington. Thomas hakumzuia. Carrington akamfikia Mariota na kumwangusha karibu na yadi ya 15. Oregon walipewa nafasi zao zote pale mbele ya goli na hawakupata hata pointi moja. Mechi ikaenda muda wa nyongeza, Stanford wakashinda 17–14. Kama Carrington angekuwa amejazwa kwenye boksi, yadi zile 77 zingekuwa tachidauni na leo tungekuwa tunasimulia ubingwa mwingine.

Najua pingamizi linalofuata, nimeshalisikia: “Lakini Auburn waliwabana Oregon palepale mbele.” Ndiyo. Kwenye fainali ya Januari 10, 2011, Oregon walikimbia yadi 75 tu na kufungwa 22–19. Hata hivyo Auburn hawakushinda kwa idadi. Walishinda kwa sababu Nick Fairley, mtu mmoja, alikuwa akiwabomoa wazuiaji wake na kuwakuta kwotabeki na mkimbiaji kabla hawajaachana. Ukiwa na Fairley huhitaji makala haya. Wengi hawana.

Wapo makocha wakubwa waliojaribu njia ya mkato zaidi: kuomba sheria. Mwaka 2014 lilipelekwa pendekezo la kuwakataza washambuliaji kuanzisha mpira haraka, ndani ya sekunde 10 za mwanzo za saa ya kuanzishia mpira, ili walinzi wapate nafasi ya kubadilisha wachezaji. Nick Saban wa Alabama na Bret Bielema wa Arkansas waliliunga mkono hadharani, hoja kubwa ikiwa usalama wa wachezaji. Pendekezo likawekwa kando hata kabla ya kupigiwa kura ya mwisho. Saban, kwa kuwa hakuwa mjinga, akarudi nyumbani akasajili walinzi wepesi zaidi, na baadaye akauchukua mfumo wenyewe.

Basi kinachofanya kazi ni nini? Kanuni ni moja: mtu wa ziada asionekane kabla mpira haujaondoka, afike baada ya kwotabeki kuamua. Mengine yote ni namna za kuitimiza kanuni hiyo, na ninayapitia haraka kwa sababu hakuna hata moja linaloponya peke yake.

Kubadilishana. Mlinzi wa ukingo anaingia ndani kumfuata mkimbiaji. Kwotabeki anafurahi, anaubakiza mpira, anatoka nje, na huko anamkuta lainibeki aliyezunguka kumngoja. Nzuri sana, mara tatu au nne kwa mechi. Ukiizoesha, mpinzani anamtuma mzuiaji mmoja ampite mlinzi wa ukingo bila kumgusa na kwenda kumgonga huyo lainibeki.

Kuchelewesha. Mlinzi wa ukingo haendi popote. Anaweka mabega sambamba na mstari, anasogea kwa hatua fupi za upande, anamnyima kwotabeki jibu. Sekunde moja ya kusitasita inawapa wenzake muda wa kufika. Inataka nidhamu ambayo vijana wengi hawana, kwa kuwa televisheni haimwonyeshi mtu aliyesimama.

Mabeki wa mwisho kutoka nyuma. Hii ndiyo iliyowapa Michigan State heshima chini ya Mark Dantonio na Pat Narduzzi. Mabeki wawili wanasimama nyuma kana kwamba wanangoja pasi. Mpokeaji wa ndani akianza kuzuia badala ya kukimbia, wanashuka kwa kasi. Kwotabeki alihesabu sita, wanafika wanane. Desemba 7, 2013, waliwafunga Ohio State 34–24 na kuvunja mfululizo wa ushindi 24. Kwotabeki wa Ohio State, Braxton Miller, alikimbia zaidi ya yadi 100 siku ile, msidanganyike. Lakini jaribio la nne lililohitaji yadi 2, robo ya mwisho, lainibeki wa Michigan State Denicos Allen alimwangusha kabla hajafika. Hasara ya mbinu hii ni kwamba mpokeaji akijifanya anazuia kisha akachomoka, nyuma kumebaki uwazi.

Kuziba ndani. Watu watatu tu wa mstari: mmoja uso kwa uso na mzuiaji wa kati, wawili wakisimama kwenye mabega ya ndani ya wazuiaji wa nje. Njia ya katikati inafungwa kwa watu wachache, mkimbiaji analazimika kwenda pembeni, na wewe umebaki na watu wanane wepesi wa kumpokea huko. Iowa State waliongeza beki wa tatu wa mwisho katikati msimu wa 2017, mwaka waliowafunga Oklahoma 38–31 kwao Norman. Georgia wa 2021, mabingwa, waliruhusu pointi kama 10 kwa mechi, wakiwa na Jordan Davis wa zaidi ya kilo 150 pale katikati. Bila mtu wa namna hiyo, mpangilio huu unasukumwa nyuma yadi 4 kila mara.

Kukaba. Hapa pana aibu yetu makocha, kwa sababu mazoezi ya kumwangusha mtu uwanjani palipo wazi hayapendezi na hayachorwi ubaoni. Mfumo wa kutanua uwanja unatafuta kitu kimoja: mlinzi mmoja, mkimbiaji mmoja, nafasi ya mita 5. Ukikosa hapo, mbinu zote nilizotaja ni michoro tu.

Na la mwisho, ambalo walinzi hawalipendi kwa kuwa si lao: shikilia mpira. Stanford walipokutana tena na Oregon mwaka 2013, walikaa na mpira zaidi ya dakika 42 kati ya 60, wakimpa Tyler Gaffney akimbie mara 45. Oregon wakaambulia yadi 62 za kukimbia na kufungwa 26–20. Kwotabeki aliyekaa benchi hana wa kumsoma.