Mjumbe Aliyetangulia Habari: Namna ya Kusikiliza Matokeo ya Kura

Somo letu la juma hili ni 2 Samweli 18, kuanzia mstari wa 19. Mumelisikia redioni, hapa tunaliandika kwa ajili ya wale ambao mawe ya redio yao yalikwisha katikati ya mahubiri.

Wajumbe wawili walitoka vitani kwenda kwa mfalme Daudi. Mkushi alitumwa kwanza, naye alikuwa na habari kamili. Ahimaasi aliomba sana aruhusiwe, akakimbia kwa njia ya bonde, akamtangulia. Alipofika alitangaza ushindi. Mfalme alipomwuliza juu ya kijana wake Absalomu, alijibu kwamba aliona fujo kubwa tu, hakujua ni nini. Daudi akamwambia asimame kando. (Walimu wengine husema alijua akaficha. Iwe hivi au vile, mfalme hakupata kwake jambo aliloliuliza.)

Usiku wa tarehe 20 Desemba 2023 tulikuwa na Ahimaasi wengi. Wengi wetu tuliokimbia Mushaki mwezi wa pili wa mwaka ule tulikuwa kambini Bulengo, karibu na Goma, chini ya maturubai. Kabla ya saa sita za usiku, simu moja ilikuwa na matokeo ya nchi nzima, pamoja na hesabu kwa mia. Mahali pengi watu walikuwa bado hawajapiga kura. Tume ya uchaguzi, CENI, iliacha kazi iendelee mpaka kesho yake. Lakini wandugu wawili wa kanisa letu walikuwa wamekwisha kutukanana juu ya hesabu ile. Siku ya Meza ya Bwana mmoja alibaki nje. Na jambo linalotuumiza mpaka leo ni hili: kati yao wawili hakuna aliyepiga kura. Wilaya ya Masisi na ya Rutshuru hazikuchagua, kwa sababu vita vilizuia kuandikisha watu. Waligombana juu ya sanduku ambalo hawakuliona hata kwa macho.

Kwa hiyo tueleze kazi inavyokwenda. Kura huhesabiwa kwanza katika ofisi ileile ambamo watu walichagulia, mbele ya mashahidi wa vyama, na karatasi ya hesabu hubandikwa mlangoni. Karatasi hiyo ndiyo ya kwanza kuaminiwa, lakini inasema habari ya ofisi moja tu. Kisha hesabu hupelekwa kwenye kituo cha kukusanya matokeo, halafu Kinshasa. Mwaka ule CENI ilianza kusoma matokeo tarehe 22 Desemba, na ilianza na Wakongomani wa nje: Afrika ya Kusini, Ubelgiji, Kanada, Marekani na Ufaransa. Tarehe 31 Desemba ilitangaza kwamba Félix Tshisekedi amepata zaidi ya 73 kwa mia. Hayo yalikuwa matokeo ya muda. Katikati, tarehe 5 Januari, CENI ilifuta kura za wagombea 82 wa viti vya bunge na mabaraza kwa ajili ya udanganyifu na makosa mengine. Mahakama ya Katiba ikathibitisha ya urais tarehe 9 Januari 2024. Kutoka sanduku mpaka Mkushi kufika ni siku ishirini. Kwetu hakuna usiku wa matokeo, kuna majuma.

Sasa swali ambalo mama mmoja alituletea kwa barua: je, sisi nasi tutaulizwa siku moja juu ya ndoa na mimba, kama Wamarekani? Alikuwa amesikia kwamba tarehe 5 Novemba 2024, siku ya kumchagua rais wao, majimbo kumi yao yaliuliza raia juu ya kutoa mimba. Ni kweli. Katika saba waliotaka kulinda haki hiyo walishinda. Huko Florida walipata kama 57 kwa mia na bado walishindwa, kwa sababu sheria ya jimbo lile inadai 60. Ahimaasi angekimbia na 57 akitangaza ushindi! Kabla ya kufurahi au kulia, uliza kwanza kipimo ni ngapi.

Karibu yetu, Kenya iliulizwa tarehe 4 Agosti 2010 juu ya katiba mpya. Makanisa mengi, Wapentekoste wakiwa ndani, yaliikataa kwa ajili ya kipengele cha mimba na mahakama za kadhi. Yalishindwa: kama watu 67 katika mia walikubali. Lakini karatasi ya kura ilikuwa na swali moja tu juu ya kitabu kizima. Aliyependa habari ya ardhi akakataa habari ya mimba hakuwa na mahali pa kuandika hivyo. Tusiseme basi kwamba Wakenya 67 katika mia walipigia kura kutoa mimba. Huo si ukweli, hata kama mhubiri ndiye anayesema.

Na sisi tuliulizwa vilevile. Tarehe 18 na 19 Desemba 2005 tulijibu ndiyo au hapana juu ya katiba ya vipengele 229, chini ya tume iliyoongozwa na Abbé Apollinaire Malu Malu, mtoto wa jimbo letu. Zaidi ya 84 kwa mia walisema ndiyo. Ndani yake mlikuwa kipengele cha 40: kila mtu ana haki ya kuoa au kuolewa na mtu amtakaye wa jinsia nyingine. Wangapi kati yetu walikisoma kabla ya kutia alama? Sisi wenyewe hatukukisoma. Tulitaka vita viishe tu.

Tangu hapo mambo makubwa yamepita bila sisi kuulizwa. Januari 2011 bunge na seneti walibadilisha katiba wakiwa pamoja, na tangu wakati ule rais anachaguliwa kwa duru moja. Kipengele cha 218 kinawaruhusu, wakipata sauti tatu katika tano. Na mwaka 2018 mkataba wa Maputo juu ya haki za wanawake, unaoruhusu kutoa mimba katika hali fulani kama ya kubakwa, ulichapishwa katika gazeti la serikali. Kipengele cha 215 kinaweka mikataba ya namna hiyo juu ya sheria za kawaida. Hakukuwa na sanduku wala usiku wa kukesha. Wakati tulipokuwa tukifunga na kuomba juu ya nani atakuwa mbunge, hatukumwuliza mbunge yeyote habari hiyo. Tunakiri kosa, na wachungaji ndio wa kwanza.

Oktoba 2024, huko Kisangani, rais alisema anataka tume ya kufikiri juu ya katiba mpya. Wengine sasa wanasema referandumu iko njiani. Wapendwa, someni kipengele cha 219: katiba haibadilishwi wakati wa vita, wala wakati wa utawala wa dharura wa kijeshi, ule uliowekwa Kivu ya Kaskazini na Ituri tangu Mei 2021. Anayetaka kujua kama swali linaweza kuletwa leo aanze hapo, si kwenye simu.

Mama yule alimaliza barua yake kwa swali lingine. Kadi lake la uchaguzi ni la zamani, kabla ya vita kufika. Limekunjwa ndani ya Biblia, na picha imeanza kufutika. Anauliza: kama karatasi ya ndiyo na hapana ikiletwa kweli, ataandikishwa wapi, na nani?