Faida ya Masafa ya Kuitana Safarini

Wanafunzi wenzangu, na ninyi kaka zetu mliosoma hapa zamani, napenda kuwaeleza habari ya simu ya upepo na jinsi itumikavyo mahali pasipo na simu ya mkononi. Naandika kwa kuwa mwaka jana nilifanya kosa, na wahenga walisema, kupotea njia ndiko kujua njia.

Kwanza yafaa kujua maana ya redio ya ridhaa. Ni kazi ya watu wasiolipwa, waliofunzwa na kupewa leseni na serikali, wanaozungumza kwa redio zao wenyewe. Kila mmoja ana alama yake ya kuitwa. Za hapa Uganda huanza na 5X, za Kenya 5Z, na za Tanzania 5H. Padre mwalimu wetu anayo alama, na mimi nilikwisha pata yangu.

Redio hizi zaweza kutumika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kupitia ripita, yaani mtambo ulio juu ya kilima, upokeao sauti kwa masafa fulani na kuitoa tena kwa masafa mengine. Njia hii hufika mbali, lakini mtambo ukikosa umeme, au mkiwa bondeni nyuma ya mlima, haifai kitu. Njia ya pili huitwa simpleksi. Hapa redio moja huisemesha nyingine moja kwa moja, na wote wawili husema na kusikiliza katika masafa yale yale. Haihitaji mtambo wa mtu yeyote.

Je, mgeni atajuaje asikilize wapi? Ndiyo sababu watu wakapatana juu ya masafa ya kuitana. Katika mawimbi ya mita 2, sisi wa Afrika, pamoja na Ulaya, hutumia megahezi 145.500. Marekani hutumia 146.520. Mahali hapo ni kama mti mkubwa wa njia panda, ambapo kila msafiri hupita akatazama kama yupo mtu. Kwanza sikiliza, usije ukakatiza maneno ya wengine. Kisha taja alama yako, sema uko wapi, uliza kama yupo akusikiaye. Ukijibiwa, hameni wote wawili mwende masafa mengine kuzungumza, ili mti ubaki wazi kwa wengine.

Mawimbi haya hayapindi sana kufuata umbo la dunia. Watu wawili wakisimama uwandani na redio za mkononi, upeo wao ni kama kilomita 10, hata kama hapana kizuizi. Mmoja akipanda kilima kinachoinuka mita 400 juu ya uwanda, upeo huzidi kilomita 80. Kwa hiyo, usiposikika, panda juu kabla ya kulaumu redio, nayo antena uishike wima.

Sasa nieleze kosa langu. Tulikwenda milimani kwa matembezi ya shule, tukagawanyika makundi mawili. Padre aliongoza kundi la njia ya juu, akiwa na redio yake. Mimi nilikuwa katika kundi la njia ya chini na redio yangu, na sanduku la dawa na machela vilikuwa kwetu. Saa sita mchana niliizima redio ili kuokoa betri. Saa saba kasorobo mvulana mmoja wa kundi la juu aliteleza katika mawe, akavunjika mguu. Padre akaita, akaita tena, asipate jibu. Mvua ikaanza. Nilipofungua redio saa kumi, nilimkuta bado anaita, na sauti yake imekauka. Tulifika kwa mvulana yule jioni, akitetemeka kwa baridi. Alipona, namshukuru Mungu, lakini zile saa tatu nilimnyang'anya mimi.

Kosa langu si geni duniani. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, meli ya Titanic iligonga mwamba wa barafu. Meli ya Californian ilikuwa karibu kuliko Carpathia iliyokuja kuokoa watu, lakini mpiga simu wake alikuwa peke yake, alikwisha zima mtambo akalala. Watu zaidi ya 1,400 walikufa. Baadaye mabaharia wakaweka desturi: mara mbili kila saa, mitambo yote inyamaze dakika tatu katika masafa ya kilohezi 500, wasikilize tu, huenda yupo mnyonge aitaye. Utaratibu huo uliendelea hadi meli zilipohamia mitambo mipya, mwaka 1999.

Wapenda redio wa Marekani nao wana desturi kama hiyo kwa wasafiri wa nyikani. Kila baada ya saa tatu, yaani saa moja asubuhi, saa nne, saa saba, saa kumi, na saa moja jioni, hufungua redio na kusikiliza walau dakika tano. Hivyo betri hudumu siku nyingi, na aliye taabuni ajua saa ya kuita. Kama ningalifanya hivyo, ningalimsikia Padre saa saba, kabla ya mvua.

Siku hizi tukisafiri, saa hizo huandikwa katika karatasi, na kila mwenye redio huichukua mfukoni. Nanyi mtakaosafiri, msiulize kwanza redio ina nguvu gani. Ulizeni nani atasikiliza, katika masafa gani, na saa ngapi.