Daftari la Vifurushi Linapovurugika

Kompyuta ya mezani inayoendeshwa na Linux ya ukoo wa Debian, kama vile Linux Mint au Ubuntu, huingiza karibu programu zake zote kwa njia moja, nayo ni vifurushi. Kifurushi hiki si kile cha kampuni ya simu. Ni faili moja ambayo jina lake huishia na .deb, na ndani yake mna vitu vitatu: alama ndogo inayotaja toleo la muundo wenyewe, bahasha ya maelezo, na bahasha ya mafaili yatakayosambazwa kwenye diski. Bahasha ya maelezo ndiyo inayobeba mambo yanayoleta ugomvi baadaye: jina la kifurushi, toleo lake, vifurushi vingine kinavyovitegemea, vile kisivyoweza kukaa navyo nyumba moja, pamoja na hati fupi za amri zinazoendeshwa kabla na baada ya kusakinisha.

Kazi ya kuvisimamia imegawanywa kwa watendaji wawili. Wa kwanza ni dpkg, iliyoanza kuandikwa mwaka 1994, miezi michache baada ya Ian Murdock kutangaza mradi wa Debian Agosti 1993. Huyu ni fundi wa papo hapo. Akipewa faili ya .deb huifungua, hupanga vilivyomo mahali pake, huendesha hati za usanidi, kisha huandika daftarini kwamba kazi imekwisha. Akikuta kifurushi kinahitaji kingine ambacho hakipo, husema hivyo na kusimama; haendi kukitafuta. Wa pili ni APT, iliyoingia rasmi katika Debian 2.1 mwezi Machi 1999. Huyu ndiye anayeyajua maghala yaliyoko kwenye intaneti, anayepiga hesabu ya nini kinahitaji nini, anayepakua vyote vinavyotakiwa na kumkabidhi fundi kwa mpangilio. Anayeketi mbele ya kompyuta iliyogoma anatakiwa kwanza ajue ni nani kati ya hao wawili aliyesimamisha kazi. Mistari inayoanza na dpkg: ni ya fundi, inayoanza na E: au Err: ni ya APT.

Daftari lenyewe ni faili ya maandishi ya kawaida, /var/lib/dpkg/status. Kila kifurushi kina aya yake, na kompyuta ya mezani yenye Ubuntu huwa na aya zinazopita elfu moja. Katika kila aya mna mstari mmoja wa kuangalia kabla ya mingine. Kifurushi chenye afya huandikwa hivi: Status: install ok installed. Neno la kwanza baada ya nukta pacha ni matakwa ya mwenye kompyuta, la pili huonyesha kama kifurushi kinahitaji kusakinishwa upya, na la tatu ni hali halisi. Mgogoro huonekana kwenye hilo la tatu. Likiwa unpacked, mafaili yamefunguliwa ila usanidi haujaanza. Likiwa half-configured, usanidi ulianza ukakatikia njiani. Hali ya half-installed ndiyo mbaya zaidi, maana hata kufungua hakukukamilika. Amri dpkg -l hufupisha mambo hayo kwa herufi mbili mwanzoni mwa kila mstari: ii ni mzima, nazo iU, iF na iH ni wagonjwa hao watatu kwa mpangilio huohuo. Herufi rc zisimtishe mtu. Ni programu iliyoondolewa ikaacha nyuma mafaili ya mipangilio.

Sababu moja inayojulikana sana ya hali hizo ni umeme kukatika katikati ya masasisho, na kompyuta ya mezani haina betri ya kuiokoa. Walioandika dpkg walilitarajia hilo. Kila faili mpya huandikwa kwanza pembeni kwa jina lenye nyongeza ya .dpkg-new, ikishakamilika ndipo inapobadilishwa jina na kuchukua nafasi ya ile ya zamani. Daftari nalo haliandikwi juu ya maandishi yaliyopo: nakala mpya hutayarishwa kando, na iliyotangulia hubakia kwa jina la status-old. Ndiyo maana giza la ghafla kwa kawaida huacha kazi nusu bila kuharibu kilichokwishafanyika. Umeme ukirudi, amri ya kwanza ni sudo dpkg --configure -a, inayomtaka fundi arudie usanidi wa vifurushi vyote alivyoviacha njiani. Kama bado kuna kinacholalamikia kitegemezi kisichopo, inafuata sudo apt --fix-broken install, ambayo humwachia APT apige hesabu upya na kuleta kinachokosekana au kupendekeza cha kuondoa. Kifurushi kilichobaki katika hali ya half-installed huhitaji kuwekwa upya kwa sudo apt install --reinstall na jina lake. Mwisho wa yote, dpkg --audit ikikaa kimya, daftari na diski vimepatana.

Kosa lingine linalowachanganya wengi ni la kufuli. Ujumbe husema kufuli ya /var/lib/dpkg/lock-frontend haikupatikana, na hutaja namba ya mchakato unaoishikilia. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Ubuntu ina programu inayoweka masasisho ya usalama yenyewe, bila kuuliza, na hupenda kufanya hivyo dakika chache baada ya kompyuta kuwashwa, wakati uleule mwenye kompyuta anapotaka kusakinisha chake. Dawa ni kusubiri. Kuna ushauri uliosambaa sana wa kuifuta faili hiyo ya kufuli kwa amri ya rm, nao ni ushauri mbaya. Kufuli si ile faili. Ni alama inayowekwa na kerneli, yaani kiini cha mfumo, juu ya faili kwa niaba ya mchakato unaoendelea. Faili ikifutwa, mchakato wa kwanza unaendelea kuandika daftarini bila kujua, na wa pili unaingia kwa faili mpya ukidhani uko peke yake. Mikono miwili ikiandika daftari moja kwa wakati mmoja, tatizo la kusubiri dakika tano linageuka kuwa la siku nzima. Mchakato uliokwama kweli ukisimamishwa, au kompyuta ikizimwa na kuwashwa kwa utaratibu, kufuli huachiwa yenyewe.

Diski iliyojaa nayo hujificha nyuma ya ujumbe wa mambo mengine kabisa. Kwenye kompyuta zenye sehemu ya pekee kwa ajili ya /boot, kila toleo jipya la kerneli huongeza mafaili makubwa humo, na siku nafasi ikiisha, usanidi wa kerneli unaanguka, na kila jaribio la kusakinisha chochote kingine linaangukia hapohapo. Amri df -h huonyesha kilichojaa. Ikiwa ni diski kuu, sudo apt clean hufuta vifurushi vilivyokwishatumika kutoka /var/cache/apt/archives bila kugusa programu yoyote. Ikiwa ni /boot, sudo apt autoremove --purge huondoa kerneli za zamani ambazo hazihitajiki tena. Mafaili ya /boot yasifutwe kwa mkono, kwa kuwa daftari litaendelea kuamini kwamba yapo.

Upande wa APT, kugoma kwingi huanzia safarini kuelekea ghalani. Kila ghala huchapisha orodha ya vilivyomo pamoja na alama ya uhakiki ya kila kimoja, na orodha hiyo hutiwa saini ya kidijitali. Kompyuta hukagua saini kwa ufunguo ilio nao. Ufunguo ukikosekana hutokea neno NO_PUBKEY na tarakimu zake, na dawa ni kuupata ufunguo halali kutoka kwa mwenye ghala. Kuzima ukaguzi ili kazi ipite ni sawa na kupokea dawa iliyofunguliwa lakiri. Alama za uhakiki zisipolingana, aghalabu kuna kitu kimeingilia kati ya ghala na kompyuta. Mtandao wa Wi-Fi unaotaka mtu ajisajili kwanza, kwa mfano, unaweza kurudisha ukurasa wake wa kujisajili mahali pa orodha iliyoombwa. Baada ya kuunganishwa sawasawa, yaliyomo kwenye /var/lib/apt/lists yanaweza kufutwa na kuletwa upya kwa sudo apt update.

Saa ya kompyuta inastahili kutajwa peke yake, kwa sababu ni wachache wanaoishuku. Ndani ya kompyuta ya mezani mna betri bapa ya duara inayotunza saa mashine ikiwa imezimwa. Ikichoka, kompyuta huamka ikidhani iko miaka mingi nyuma. Orodha ya ghala iliyotiwa saini leo inaonekana imetoka siku zijazo, na APT huikataa ikisema bado haijaanza kuwa halali. Mtu anaweza kuhangaika na funguo na maghala mchana kutwa, kumbe kinachotakiwa ni kuandika date, kuona mwaka usio sahihi, na kwenda dukani kununua betri.

Halafu kuna umri wa mfumo. Matoleo ya Ubuntu yasiyo ya muda mrefu hutunzwa kwa miezi 9 tu, na yale ya muda mrefu kwa miaka 5 ya kawaida. Muda ukishapita, vifurushi huhamishiwa ghala la kumbukumbu, na anwani za zamani huanza kujibu 404. Hapo hakuna kilichovunjika kwenye kompyuta. Anwani zinaweza kuelekezwa old-releases.ubuntu.com kwa muda, lakini mfumo usiopata tena masasisho ya usalama unahitaji kupandishwa toleo.

Ugomvi mgumu kuliko wote ni wa vitegemezi visivyopatana, ambapo APT hukiri kwamba imeshindwa kurekebisha na kwamba kuna vifurushi vilivyoshikiliwa. Mara nyingi chanzo ni kuchanganya maghala: mtu aliongeza ghala la mtu binafsi ili apate toleo jipya la programu moja, ghala hilo likaleta pia maktaba mpya kuliko za mfumo, na sasa programu nyingine inayodai toleo kamili la zamani haina pa kusimama. Amri apt policy na jina la maktaba huonyesha toleo lililopo, matoleo yanayopatikana, na kila moja limetoka ghala gani. Hapo ndipo mgeni anapoonekana. Tiba ni kulizima ghala lake katika /etc/apt/sources.list.d na kuirudisha maktaba kwenye toleo la mfumo kwa kulitaja kwa namba. Amri apt-mark showhold nayo hutaja vifurushi ambavyo mtu alivizuia visisasishwe, pengine miaka iliyopita, akasahau.

Novemba 2021 ulimwengu wa Linux ulipata onyo la wazi kuhusu hesabu hizi. Mtayarishaji wa video wa Canada, Linus Sebastian, alikuwa akijaribu kuweka Steam, programu ya michezo ya kompyuta, kwenye mfumo wa Pop!_OS, nao wa ukoo wa Debian, uliosakinishwa punde. Maelezo ya vifurushi ghalani yalikuwa na kasoro siku hiyo, na APT ikaona njia pekee ya kuingiza Steam ni kuondoa mazingira yote ya eneokazi. Ilionyesha orodha ndefu ya vitakavyoondolewa, ikaonya, ikamtaka aandike kwa ukamilifu Yes, do as I say!, yaani ndiyo, fanya ninavyosema. Akaandika, na skrini ikabaki na maandishi matupu. Kasoro ya ghala ilirekebishwa, na APT nayo ikabadilishwa isikubali tena kuondoa vifurushi vya lazima kwa sentensi hiyo. Sehemu ya vitakavyoondolewa ingali ikitokea kabla ya swali la mwisho, na ndiyo ya kusomwa jina kwa jina. Kuona humo ubuntu-desktop, gnome-shell au xorg ni sababu ya kutosha kujibu n.

Hati za usanidi huanguka pia. Ujumbe wa mwisho huwa ni uleule, kwamba /usr/bin/dpkg imerudisha kosa namba 1, na wengi hunakili mstari huo pekee wanapoomba msaada. Mstari huo hausemi lolote zaidi ya kwamba fundi alisimama. Sababu iko juu yake, pengine mistari ishirini nyuma: huduma iliyoshindwa kuwaka, mtumiaji aliyekwisha kuwepo, au faili inayodaiwa na vifurushi viwili. Kilichopita juu ya skrini kimehifadhiwa katika /var/log/apt/term.log, na hati yenyewe inasomeka katika /var/lib/dpkg/info kwa jina la kifurushi na nyongeza ya .postinst. Kuna wakati hati inaangukia Python, kwa sababu mtu alibadilisha /usr/bin/python3 ielekee toleo jingine. Zana kadhaa za Ubuntu zinaitegemea Python ya mfumo, kwa hiyo iliyo mpya iwekwe kando, katika mazingira yake.

Daftari lenyewe likiharibika, status-old hutazamwa kwanza, kisha nakala zenye majina yanayoanza na dpkg.status katika /var/backups. Mabadiliko yaliyofanyika baada ya nakala hiyo hupatikana katika /var/log/dpkg.log na hurudiwa kwa mkono. Ikiwa diski yenyewe inakufa, au mafaili ya mfumo yameliwa kwa wingi, kusakinisha upya ni haraka kuliko kutibu. Kabla ya hapo, folda ya /home hunakiliwa kwenye diski ya nje, na pamoja nayo matokeo ya apt-mark showmanual: orodha ya vifurushi ambavyo havikuja kama vitegemezi tu, ambayo mfumo mpya unaweza kupewa ili APT ipige hesabu tena kuanzia mwanzo.