Sauti bila picha: mambo ya kujua kabla ya kununua dekoda mpya



Juma hili tuzungumze juu ya kitu kimoja ambacho kimeleta maneno katika nyumba nyingi, na hata katika kikundi chetu cha akiba: dekoda ya parabole. Wengi wameniuliza: "Mwalimu, mbona chaneli zinapotea moja baada ya nyingine? Parabole imeharibika? Tununue yote upya?" Kabla sijajibu, niwaeleze namna sisi wenyewe tulivyopoteza franga, ili ninyi msipoteze zenu.

Mnakumbuka tarehe 7 Februari 2024. Timu yetu ya taifa ilicheza nusu fainali ya Kombe la Afrika huko Abidjan, dhidi ya Côte d'Ivoire. Wimbo wa taifa ulipopigwa, wachezaji walifunika kinywa kwa mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono mwingine wakaviweka kwenye kichwa kama bunduki. Walitaka dunia ione mateso ya watu wa mashariki. Mateso hayo ni yetu. Lakini wengi wetu wakati ule tulikuwa tumekimbia, na jambo hilo tulihadithiwa tu. Tulipoanza tena kuweka akiba, mama mmoja akasema: "Siku nyingine ninataka kuona kwa macho yangu." Wote tukakubali kutoa kidogo katika mfuko wa kikundi ili kuwe na televizio ya wote.

Televizio ndogo tulipewa. Parabole ya zamani ilikuwa tayari juu ya nyumba. Ilibaki dekoda. Mimi na mtunza sanduku tukatumwa Goma. Sokoni tukachagua ya bei rahisi kuliko zote, dola 15, iliyokwisha kutumika. Tulifikiri tumefanya akili.

Siku ya posho wamama wakakusanyika. Tukawasha. Jina la chaneli likatokea, sauti ya mtangazaji ikasikika vizuri kabisa, lakini kioo kikabaki cheusi. Chaneli ya pili, vilevile. Chache zilileta picha, nyingi hazikuleta. Fundi mmoja akasema parabole imechoka, ibadilishwe pamoja na kichwa chake, dola 60. Jioni ile minong'ono ikaanza: "Wale wawili wamekula franga zetu." Mtunza sanduku, mama ambaye hajawahi kukosa hata franga mia katika hesabu, akarudi nyumbani akilia.

Siku mbili baadaye kijana mmoja wa jirani akaleta dekoda ya kwao. Akachomoa yetu, akaweka ile, hakugusa parabole hata kidogo. Picha ikatokea palepale. Kumbe ugonjwa haukuwa juu ya nyumba, ulikuwa ndani ya kisanduku.

Kwa nini inakuwa hivyo?

Satelaiti iko juu sana, karibu kilometa 36.000 juu ya mstari wa ikweta. Wenye televizio wanakodi nafasi humo, kama vile mfanyabiashara anavyokodi nafasi katika gari la mizigo la kwenda Sake. Anayepanga mifuko yake vizuri anapakia mingi kwa bei ileile. Picha za televizio ni mzigo mkubwa, kwa hiyo zinafinywa kwanza. Fikirieni sombe: majani yaliyojaa beseni, ukiyatwanga, yanaingia katika sufuria ndogo.

Kufinya picha kunafanyika hivi: mtangazaji anaposoma habari, ukuta nyuma yake hausogei. Hakuna haja ya kutuma ukuta uleule mara 25 kila sekunde. Inatosha kutuma kinachobadilika, midomo na mikono. Dekoda yako ndiyo inajenga tena picha nzima.

Namna ya kwanza iliyoenea, inayoitwa MPEG-2, ni ya miaka ya 1990. Mwaka wa 2003 ikatoka nyingine, MPEG-4 ao H.264, inayotuma picha ya uzuri uleule kwa karibu nusu ya nafasi. Mwaka wa 2013 ikafuata H.265, inayoitwa pia HEVC, ambayo inapunguza tena karibu nusu. Mwenye chaneli akihamia namna mpya, analipia nafasi ndogo zaidi, ao anaongeza chaneli ya pili mahali pa moja, ao anatoa picha safi zaidi. Ndiyo sababu wanahama, na hawatarudi nyuma.

Lakini dekoda ya zamani haijui maandishi mapya. Ni kama kumpa mtoto wa mwaka wa pili imla ya mwaka wa sita. Anasikia sauti ya mwalimu, lakini kuandika hawezi.

Namna ya kujua ugonjwa

Ukipata sauti bila picha kwenye chaneli fulani, na nyingine zinaonekana vizuri, parabole yako ni nzima. Dekoda ndiyo haijui kufungua picha iliyofinywa kwa namna mpya.

Ukikosa sauti na picha kwenye chaneli kadhaa tu, pengine zimehamia njia mpya ya kurusha, inayoitwa DVB-S2, ambayo dekoda ya zamani ya DVB-S haiisikii. Inawezekana pia zimehamia satelaiti nyingine.

Ukikosa chaneli zote kwa mara moja, hapo sasa tazama juu ya nyumba: upepo umesukuma parabole, waya umekatika, maji yameingia kwenye kichwa. Picha ikikatikakatika wakati wa mvua kubwa tu, ngoja mvua ipite.

Dawa ya bure kabla ya kununua ni ile ya kijana wetu: azima dekoda mpya zaidi ya jirani, ijaribu kwenye parabole yako. Dakika kumi zinaweza kukuokolea dola 60.

Cha kubadilisha na cha kuacha

Mara nyingi parabole, waya, kichwa na televizio vinabaki. Kinachobadilika ni kisanduku peke yake. Mtu akikuambia ununue yote upya, mwombe kwanza akuonyeshe kwa jaribio.

Tena, mtu akikuomba franga ili "aweke programu mpya" katika dekoda ya MPEG-2, fikiri mara mbili. Programu mpya inaweza kupanga chaneli upya, lakini kazi ya kufungua picha inafanywa na kipande cha ndani kilichotengenezwa kiwandani. Kama kipande hicho hakijui MPEG-4, hakitafundishwa.

Sokoni, soma maandishi ya karatoni na ya dekoda yenyewe. Tafuta DVB-S2, pamoja na MPEG-4 ao H.264. Ukiona pia H.265 ao HEVC, ni bora zaidi, kwa sababu itadumu miaka mingi. Herufi HD peke yake hazitoshi.

Angalieni sana herufi S na T. S ni ya satelaiti, T ni ya minara ya hapa chini. Dekoda ya DVB-T2 hata iwe mpya namna gani haifanyi kazi na parabole. Visanduku vinafanana kama mapacha, na wengi wamedanganyika.

Hata nchi nzima inaweza kukosea hapo. Kenya ilianza matangazo ya dijitali ya minara Desemba 2009 kwa DVB-T. Baadaye ikachagua DVB-T2, na visanduku vya kwanza havikuweza kusoma ishara mpya. Waliokuwa wamenunua mapema wakalazimika kununua tena. Aliyekuwa wa mbele akajikuta nyuma.

Kama televizio yako ni ya zamani, yenye mgongo mkubwa, hakikisha dekoda mpya ina matundu matatu ya rangi: njano, nyekundu na nyeupe. Nyingine ndogo zina tundu la HDMI tu. Na kwa sisi tunaotumia pano za jua, tafuta dekoda inayokubali volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye batri. Itakula moto kidogo kuliko ile inayopitia mashine ya kubadilisha umeme.

Kama unalipia kila mwezi, kwa mfano Canal+ ao StarTimes, usinunue kisanduku cha sokoni. Kadi yao inatembea na dekoda yao. Waulize wakala wao kama wanabadilisha ya zamani, na kwa bei gani, kabla ya kulipia mwezi unaofuata.

Mwisho, jaribuni dekoda palepale mbele ya muuzaji, na mpewe karatasi yenye bei, tarehe na maneno "inarudishwa isipotoa picha". Sisi hatukuomba karatasi. Tuliporudi, muuzaji akasema hatujui.

Na je, ni lazima?

Mimi ni mwalimu, na nitasema wazi: si lazima. Minervali ya mtoto wa sekondari inatangulia. Mbegu za viazi zinatangulia. Redio ndogo ya batri bado inatoa habari kwa Kiswahili. Radio Okapi inafanya hivyo tangu 2002. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo yalipita redioni na kwenye televizio, na nyumba yenye redio haikubaki gizani.

Lakini kama kikundi kimekubaliana, kinunue kwa pamoja, kwa kujua. Watumwe watatu, mmoja awe anayeweza kusoma maandishi ya karatoni. Waandikiwe kwenye daftari herufi za kutafuta. Wakirudi, wasomewe hesabu mbele ya wote kabla ya kuwasha.

Sisi tulichanga tena, safari hii kwa uchungu, na tukapata dekoda inayofaa. Siku picha ilipotokea, mtunza sanduku alikaa nyuma kabisa. Mama aliyemsema zaidi ya wote akasimama, akamwita mbele, akamwomba msamaha mbele ya kikundi. Sanduku letu lina kufuli tatu ili asiwepo wa kushukiwa peke yake. Tulipaswa kukumbuka hilo kabla ya kunong'ona.

Kateni ukurasa huu, mkaubandike ndani ya kifuniko cha sanduku. Siku mtu atakapokwenda Goma kununua, asiende mikono mitupu.