Kuimbisha kwa Miguu

Oyaa wanangu wa Mtumba na Ihumwa hapa Dodoma, leo mkishatoka kwenye mishe, ile series ya Kikorea iwekeni pembeni kidogo. Kuna muvi ya kitambo nataka muicheki: Stormy Weather. Ilitoka Julai 1943, Vita ya Pili imechachamaa, na waliopiga ni 20th Century Fox, Hollywood kabisa. Ni mapenzi, vichekesho na ngoma karibu 20, zote ndani ya dakika kama 78, na mastaa wote ni weusi. Hapo jeshi la Marekani bado lilikuwa linawatenga askari weusi kwenye vikosi vyao; Rais Truman alikuja kutoa amri ya kuacha mwaka 1948. Ndo maana hii muvi naiheshimu kinoma.

Staringi anaitwa Bill Williamson, na anayemcheza ni Bill "Bojangles" Robinson, mwamba wa dansi ya tap aliyezaliwa 1878. Stori inaanza 1918, Bill katoka Vita ya Kwanza, New York kuna gwaride, usiku kuna dansi. Kwenye dansi anakutana na Selina, dada wa mshkaji wake aliyefia vitani. Selina ni Lena Horne, mzaliwa wa 1917, pisi kali na sauti yake ndo balaa zaidi. Umri wao mmeshauona, tofauti ni kubwa sana, na kwenye skrini unaisikia. Lakini Bill akianza kucheza unasahau hesabu zote. Wengine wanaimbisha kwa maneno, yeye anaimbisha kwa viatu. Vichekesho anavibeba Dooley Wilson, yule mpiga kinanda wa muvi ya Casablanca: humu ni Gabe, mpiga brashi viatu anayejifanya tajiri ili aonekane kwa watu.

Kilichonigusa kuliko vyote ni pale Selina anapokaza. Bill anataka nyumba na watoto, Selina anataka jukwaa, basi wanatengana. Demu wa 1943 kwenye muvi ya Hollywood anachagua kazi yake, na haombi msamaha kwa mtu! Mwisho wanarudiana kwenye shoo ya askari wanaokwenda Vita ya Pili, na hapo Selina ndiye anayelegea. Mimi ningetaka Bill ndiye asogee.

Sasa pamba. Mwanamuziki Cab Calloway anaingia kwenye hiyo shoo ya mwisho kavaa zoot suti nyeupe: koti linafika karibu na magoti, suruali pana juu halafu imebana kwenye vifundo, na cheni ndefu inaning'inia. Serikali ya Marekani ilikuwa imebana vitambaa vya suti tangu 1942 kwa sababu ya vita, kwa hiyo kuvaa nguo nyingi hivyo kulionekana kama kuisaliti nchi. Juni 1943, mwezi mmoja kabla muvi haijatoka, wanajeshi na mabaharia waliwavamia vijana wenye asili ya Meksiko mitaani Los Angeles, wakawapiga na kuwavua zoot suti zao. Ukilijua hilo, Cab akitokea na lile koti lake unapata mzuka mwingine kabisa.

Na wale ndugu wawili wacheza dansi, Fayard na Harold Nicholas! Wanarukia meza za wanamuziki, wanapanda ngazi kubwa, halafu wanashuka kwa kurukiana vichwa, kila mmoja anatua msamba na kuinuka bila kugusa chini kwa mkono. Hakuna kompyuta wala kamba. Fats Waller naye yumo, anapiga kinanda huku nyusi zinacheza, na Desemba ya mwaka huohuo akafariki.

Kuna sehemu moja imenizingua, na watu wa Dodoma tuna haki ya kuisema. Wanaweka shoo ya "Kiafrika": majani, manyoya, na Bill anaruka juu ya ngoma kubwa kubwa. Miguu yake ni moto, lakini hiyo Afrika hakuna anayeishi humo. Huku Ugogoni ngoma ya muheme wanapiga kina mama, ngoma imebanwa katikati ya mapaja, mikono inaongea na kiuno kinajibu. Mwanamuziki Hukwe Zawose wa Nzali, hapo Chamwino, alibeba zeze na ilimba mpaka studio za Real World Uingereza, albamu yake Chibite ikatoka 1996. Ngoma halisi ya Kiafrika ipo hapa, na basi tu linakufikisha.

Ndo maana nasema muvi yetu ya aina hii inawezekana. Hiyo Vita ya Pili ilichukua vijana wa Tanganyika kwenye KAR, jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki, mpaka Burma. Fundi Konde, kijana wa pwani ya Kenya, alikuwa kwenye kikosi cha burudani cha KAR huko Asia, na baada ya vita akawa moto wa gitaa Afrika Mashariki nzima. Sasa mwekeni askari mmoja wa Kigogo anashuka stesheni ya Dodoma 1946, treni ya reli ya kati, mgongoni gitaa alilojifunza Burma. Anakwenda kwa demu wake, anamkuta kawa mpiga muheme anayeitwa kila kijiji na hana mpango wa kuacha. Jamaa anapiga gitaa, demu anajibu kwa ngoma, kijiji kizima kinaitikia, na safari hii anayelegea ni jamaa. Wacheza dansi wa Dodoma mpo, simu zenye kamera kali mnazo, kina mama wa muheme bado wanapiga. Mimi naandika skripti ya stesheni. Nani anachukua ya kijijini?