Kabla ya Kugusa Skrubu ya Kabureta

Nchini Uingereza, gari la petroli lisilo na katalisti, lililoanza kutumika kati ya Agosti 1986 na Julai 1992, hupimwa moshi katika ukaguzi wa kila mwaka uitwao MOT. Injini huwa ya moto, inanguruma bila kukanyagwa mafuta. Kaboni monoksaidi isizidi asilimia 3.5, haidrokaboni isizidi sehemu 1,200 kwa milioni. Gari la Mini lenye kabureta ya aina ya SU hufika hapo bila shida likitunzwa. Mengi huangushwa na mwenyewe, aliyekimbilia bisibisi.

Gesi hizi mbili zina asili tofauti. Kaboni monoksaidi huongezeka petroli inapokuwa nyingi mno kwa hewa iliyopo. Haidrokaboni ni petroli iliyopita silindani bila kuungua, mara nyingi ama kwa sababu cheche ya plagi ni dhaifu, ama kwa sababu petroli ni kidogo mno hata moto haushiki vizuri. Hilo la pili ndilo linalowapoteza wengi: wanapunguza petroli kwenye mchanganyiko ili kushusha gesi ya kwanza, injini inaanza kumisi, na ya pili inaruka juu.

Kwa hiyo skrubu ya mchanganyiko ni ya mwisho kabisa. Anza na nafasi za vavu, plagi, pointi kama zipo, na taimingi. Kisha tafuta hewa inayopenya pasipostahili: mpira uliopasuka, gasketi ya manifoldi iliyochoka. Kipimo kikionyesha kaboni monoksaidi chini na haidrokaboni juu, mimi hushuku hapo kwanza. Zote mbili zikiwa juu, tazama choki isiyorudi hadi mwisho, chujio la hewa lililoziba, au petroli iliyojaa kupita kiasi kwenye bakuli la boya.

Badilisha oili pia. Oili iliyoingiwa na petroli kwa safari fupi za asubuhi za baridi hutoa mvuke unaovutwa tena na injini, na hakuna marekebisho ya kabureta yatakayoufuta.

Siku ya ukaguzi, endesha kwa mwendo mzuri dakika 20 au zaidi, na usiliache gari likinguruma kwenye foleni, maana plagi zitachafuka. Haidrokaboni ikigoma huku kaboni monoksaidi imepita, kanuni inamtaka mkaguzi apime haidrokaboni tena injini ikizunguka takribani mara 2,000 kwa dakika. Ikisoma 1,200 au chini yake, gari limepita.