Je, Wajua? Mtaji Usiorudishwa na Maduka ya Kaskazini Mashariki

Je, wajua kwamba kaunti ya Wajir, uliko mji wa Griftu, ina zaidi ya kilomita za mraba 55,000? Rwanda nzima inaingia humo mara mbili na nafasi inabaki! Sasa mfikirie mwenye duka anayengoja lori la sukari huko ndani.

Je, wajua kwamba sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,490,073 katika Wajir, Garissa na Mandera? Hao wote wanahitaji chai, sukari, mchele na pasta. Wateja wapo, ndugu yangu, tafuta mtaji!

Kenya ilipata uhuru Desemba 1963, na mwezi huohuo eneo hili likawekwa chini ya hali ya hatari. Unajua iliondolewa lini? Novemba 1991! Karibu miaka 28, na Wakenya kwingineko nchini wakifungua maduka.

Sikia na hii. Katiba ya 2010, Kifungu cha 260, inawahesabu wafugaji miongoni mwa jamii zilizotengwa. Kifungu cha 56 kinaitaka serikali ipange mipango ya kuzipa jamii kama hizo nafasi maalum za kiuchumi. Kijana wa Griftu akiomba mtaji, basi, anaomba akiwa na Katiba mkononi!

Haya, tuingie kwenye pesa zenyewe. Je, wajua kwamba mpango wa serikali wa NYOTA ulioanza kugawa mtaji mwaka 2025 unampa kijana shilingi 50,000 za biashara, na harudishi hata senti? Pesa zinakuja kwa awamu mbili za shilingi 25,000, na sehemu yake inawekwa akiba.

Mpango huo unalenga vijana wasiopungua 70 kila wadi, iwe ya Nairobi au ya Wajir Magharibi. Kenya ina wadi 1,450. Piga hesabu: vijana 101,500!

Unauliza 25,000 itafanya nini? Gunia moja la sukari la kilo 50, likipimwa robo robo, linatoa pakiti 200! Mwanzo wa duka ni mabati, mizani, gunia hilo, beli la unga na daftari la madeni. Ukishauza, unaagiza jingine.

Wenye ndoto kubwa nao walikumbukwa. Shindano la MbeleNaBiz lilipanga ruzuku kwa vijana 750 wa kaunti zote 47: 500 kati yao shilingi 900,000 kila mmoja, na 250 shilingi milioni 3.6 kila mmoja. Ndiyo, umesoma sawasawa, milioni 3.6!

Je, wajua kwamba duka liliwahi kugeuka benki? Mwaka 2009 mpango wa kukinga njaa, HSNP, ulianza kulipa familia za Wajir, Mandera, Marsabit na Turkana shilingi 2,150 kila baada ya miezi miwili. Waliolipa walikuwa wenye maduka: mama anaweka kidole kwenye kimashine, noti zinahesabiwa, na mara nyingi sukari anaichukua papo hapo!

Hapo jirani, Marsabit, shirika la BOMA lilianza na wazo jepesi ajabu. Chukua wanawake watatu, wape ruzuku ya pamoja, waelekeze kwa miaka miwili. Wengi hufungua nini? Kiduka cha sukari, majani ya chai na unga!

Wazo hilo lina mizizi Bangladesh, ambako shirika la BRAC liliuanza mpango wa aina hiyo mwaka 2002. Watafiti wakaupima katika nchi sita, Ethiopia ikiwemo, na matokeo yakatoka mwaka 2015. Mwaka mzima baada ya msaada kwisha, familia zilikuwa bado ziko mbele!

Na wanaokaribisha wageni je? Garissa ina kambi za wakimbizi za Dadaab, na wenyeji wanaoishi karibu nazo wamegawana na wakimbizi hao maji, kuni na malisho. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 100 kwa wenyeji wa Garissa, Wajir na Turkana. Sehemu yake ikaenda kwa vikundi vya kujitafutia riziki.

Tupande ndege kidogo. Nigeria, kupitia mpango wa YouWiN ulioanza 2011, iliwapa washindi 1,200 wa kwanza karibu dola 50,000 kila mmoja, kwa wastani. Miaka mitatu baadaye walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuajiri watu kumi au zaidi kuliko wenzao walioachwa!

Na Minneapolis, Marekani, mkimbizi Msomali aliyekuwa mfanyakazi wa benki, Hussein Samatar, aliwashangaza wengi. Alianzisha African Development Center, kituo kinachowatafutia mtaji wafanyabiashara Waafrika, ukiwemo usio na riba: kinanunua bidhaa, kisha kinamuuzia mwenye duka kwa faida waliyokubaliana mapema. Mwaka 2010 akachaguliwa kwenye bodi ya shule ya jiji hilo!

Turudi nyumbani, tuingie mtaa wa Eastleigh, Nairobi. Je, wajua kwamba Garissa Lodge ilikuwa nyumba ya wageni? Miaka ya 1990 wakimbizi Wasomali wakaanza kuuzia bidhaa vyumbani. Chumba kikawa duka, na nyumba nzima ikawa soko!

Wakati huohuo Wajir ilikuwa ikipigana, koo kwa koo. Nani walilinda biashara? Kina mama! Walisimama sokoni kuhakikisha mama wa ukoo wowote ananunua na kuuza bila kubughudhiwa. Mmoja wao, Dekha Ibrahim Abdi, alipata tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood mwaka 2007.

Je, wajua kwamba mkopo nao unaweza kukosa riba? Hazina ya serikali ya Uwezo inakopesha vikundi kuanzia shilingi 50,000 hadi 500,000, riba sifuri! Kuna ada ya asilimia 3 tu, na miezi sita ya kujipanga kabla ya kuanza kulipa. Kwa Mwislamu anayekimbia riba, hiyo ni habari ya furaha.

Ukishafungua duka, serikali yenyewe yaweza kuwa mteja wako. Asilimia 30 ya manunuzi yake imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kalamu za ofisini, mchele wa shuleni, sabuni ya hospitalini: kwa nini usiuze wewe?

Na ya mwisho ndiyo tamu kuliko zote. Kina mama Wasomali wamekuwa wakichangishana kwa hagbad, au ayuuto, tangu zamani: kumi wakitoa 2,000 kila mwezi, mmoja anaondoka na 20,000 taslimu, bila riba wala fomu. Na Uwezo inatafuta vikundi vya namna hiyohiyo, vinavyochanga kila mwezi na vilivyosajiliwa! Kwa hiyo kamata kalamu, andika majina ya wenzako, mwende mkasajili. Una wangapi mpaka sasa?